Neno "Livrer" na Siku Tuliyomfuata Monika

Juzi mjukuu wangu Neema alikaa barazani akisoma Kifaransa kwa sauti, maana mwalimu wao amewaambia lugha ile haiingii kichwani bila kupita mdomoni. Alikuwa anasoma vitenzi na maana zake. Kula. Kulala. Kuuza. Kisha akasema, "Livrer: kupeleka mzigo, kumfikishia mtu kitu." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaweka kikombe chini.

"Kumbe babu unajua Kifaransa?"

"Najua hicho kimoja tu," nikamwambia. "Na mimi nilivyokijua, hakikuwa na habari ya mizigo."

Basi nawaandikia wote, wewe Neema na wenzako mnaotaka kuishi kwa kazi ya kusema maneno ya watu wengine. Nilikuwa mkalimani wa boma la Singida enzi za Mwingereza. Watu walikuja na Kinyaturu chao, Kinyiramba chao, wengine Kisukuma, na mimi niliyageuza maneno yao kuwa Kiingereza ili Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ayasikie, kisha nikayageuza ya Bwana Shauri ili wao wayasikie. Mimi ni Mnyiramba wa Ulemo. Kusoma na kuandika nilifundishwa na wamisheni, Kiingereza nikakipata shule ya serikali, na Kinyaturu nikakioa pamoja na bibi yenu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sefu, mtu wa Tabora, mkalimani tangu siku za Mjerumani. Alikuwa mwembamba, anavaa kanzu iliyopigwa pasi, na alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Mwenyewe hakuficha. Alisema woga ndio uliomweka hai chini ya serikali mbili. Alinifundisha kusimama pale ninapoona midomo ya pande zote mbili, kwa sababu sikio peke yake hudanganywa na upepo. Alinifundisha kungoja mtu amalize pumzi ndipo niseme. Juu ya yote alinifundisha hivi: shahidi akisema "mimi", na wewe sema "mimi". Usiseme "anasema kwamba yeye". Ukianza hivyo utapotea katikati ya yeye huyu na yeye yule.

Siku yangu ya kwanza kortini mshtakiwa alikiri, nami nikasema kwa Kiingereza safi, "Mimi ndiye niliyeiba yule mbuzi." Bwana aliyekuwa kitini alikuwa mgeni, ametoka melini juzijuzi. Akaniangalia kwa masikitiko, akamwambia askari anifunge pingu. Mzee Sefu alicheka mpaka akakaa chini. Nililia mimi, si mwizi.

Nawachekesha kwanza kwa sababu yanayofuata hayachekeshi.

Miaka ile baada ya vita kuu, simba walianza kula watu katika vijiji vya Unyaturu. Ilikuwa wakati wa masika, uwele umekua kumpita mtu mrefu. Uwele wa kwetu ukishakomaa unasimama mpaka mlangoni, na mtu akiingia hatua chache humwoni tena. Watu walichukuliwa mchana, wakifukuza ndege, wakichota maji, wakifuata mbuzi. Serikali ilisema ni simba. Vijijini walisema si simba, ni watu. Walisema kuna wanaofuga watu wenzao gizani, wanawavika ngozi na makucha, wanawatuma kwa adui zao. Wengine walikamatwa. Nani alikuwa na hatia na nani hakuwa nayo, sitasema, maana hata leo sijui.

Ninachokijua ni hofu yenyewe, kwa sababu ilipita kinywani mwangu. Mtu wa kawaida aliogopa mambo ya kijiji chake. Mimi niliogopa ya vijiji vyote. Mama anasimama kortini anaeleza alichokikuta kwenye majani, naye anasema "mimi", na mimi nasema "mimi". Jioni nikirudi nyumbani nilikuwa nimepoteza watoto wengi kwa mdomo wangu. Bibi yenu alinikataza kwenda hata nyuma ya nyumba bila kukohoa kwanza, asije akadhani ni kitu kingine. Jirani aliacha kumtembelea jirani. Ukimsalimia mtu njiani anaangalia mikono yako kabla hajaitikia. Simba unamwogopa ukiwa shambani tu. Jirani unamwogopa hata ukiwa mezani.

Katika hali hiyo yakatokea ya Monika.

Monika alikuwa mjane. Mumewe alipokufa alirudi kwa kaka yake, Mughenyi, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu wajukuu wa watu wale bado wapo. Mughenyi na mkewe walikuwa na mtoto wa kiume, Ntandu, na huyo ndiye aliyempa mama yake jina la Mama Ntandu. Asubuhi moja Monika na mtoto walikwenda kufukuza ndege shambani. Monika akarudi peke yake, anakimbia, hana sauti. Walipokwenda kutafuta, walichopata walikizika siku ile ile.

Kabla udongo haujakauka maneno yakaanza. Kwa nini mtoto achukuliwe na shangazi abaki? Mjane asiye na mtoto wake, si ana wivu? Nani alimwona akizungumza na nani kisimani? Siku ya tatu Mughenyi alisimama mbele ya watu. Akasema: "Dada yangu amemtoa mtoto wangu kwa wale wenye ngozi." Na ukishasikia kaka wa tumbo moja anasema hivyo, nani atabisha?

Monika alikimbilia misheni, kwa Padre Anselmi.

Padre Anselmi alikuwa mzee wa nchi inayosema Kifaransa, amekaa kwetu miaka mingi kuliko umri wangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Kitu alichokipenda baada ya Mungu ni maneno. Darasani akiandika neno ubaoni, lazima atuambie baba yake neno hilo ni nani na babu yake alitoka wapi, kama vile linataka kuoa kwetu. Wenzangu walisinzia. Mimi nilipenda.

Alimficha Monika ghalani, nyuma ya kanisa. Watu wakaja na mikuki, na jumbe wao mbele. Jumbe akaapa kwamba atampeleka mwanamke bomani akahukumiwe kwa haki. Padre akafungua mlango wa ghala akamtoa.

Kesho yake asubuhi padre alifika bomani na lori la misheni kumwangalia Monika. Bomani hakuna aliyemwona Monika.

Nilikuwa nimesimama mlangoni padre alipolielewa jambo hilo. Bwana Shauri mwenyewe alikuwa safarini upande wa Manyoni pamoja na askari karibu wote. Alikuwepo msaidizi wake, kijana, tukimwita Bwana Mdogo, ambaye vitani alikaa Ufaransa na aliijua lugha. Padre alijaribu Kiswahili, kikamkimbia. Akajaribu Kiingereza, hakikutosha. Akaangukia Kifaransa, akawa anasema neno moja tena na tena, anajipiga kifua: "Je l'ai livrée. Je l'ai livrée."

Bwana Mdogo akageuka mweupe zaidi ya alivyokuwa. Hakuweza kuliacha boma bila mtu. Akaamua atoe askari mmoja na mkalimani mmoja waende na padre, upesi.

Zamu ilikuwa ya Mzee Sefu. Mzee Sefu akanishika mkono akanivuta pembeni.

"Mwanangu, nenda wewe. Mimi nina wajukuu."

"Na mimi nina mke, mzee."

"Mke ataolewa. Wajukuu wangu nani atawaoa?" Hata yeye hakujua amesema nini. Kisha akaniambia, kwa dhati kabisa, "Usisimame kati ya padre na watu. Simama kando. Mkuki ukirushwa kwa padre, usikukute katikati ya sentensi."

Tuliondoka padre, dereva, mimi na askari Chilongani, Mgogo wa Kintinku aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Chilongani alikaa nyuma ya lori na bunduki yake. Mimi nilikaa mbele, nimebanwa kati ya dereva na padre. Uwele ulisimama kushoto na kulia, unapiga vioo. Padre hakunyamaza. Nilidhani anasali, kumbe alikuwa anaongea nami.

"Unajua neno nililosema pale bomani?"

"Hapana, padre."

"Livrer. Maana yake kumkabidhi mtu. Kumtia mikononi mwa adui. Ndicho nilichofanya." Akapangusa uso. "Na unajua baba yake neno hilo ni nani? Ni liberare, la Kilatini. Kumweka mtu huru. Kumfungua mtumwa. Unasikia? Neno nililomuulia mwanamke yule, babu zetu walilitumia kumfungulia mtu minyororo."

Nikauliza kama mwanafunzi: "Limegeukaje, padre?"

"Mkono," akasema, akanionyesha wake, umefumbwa, akaufumbua. "Kumwachia ndege aruke na kumwachia kondoo mchinjaji, mkono hufunguka vile vile. Kwanza walisema livrer kwa kuachia mateka. Halafu kwa kuachia chakula, posho, mizigo. Halafu kwa kuachia mji kwa maadui. Ile maana nzuri ikahamia kwa ndugu yake, délivrer. Hiyo tunaisali kila siku kwenye Baba Yetu, pale ninyi mnaposema utuopoe maovuni. Huyu mwingine akabaki na mizigo na wasaliti. Hata Kiswahili chenu kina mtego huo. Mwachie aende. Mwachie jumbe. Kitenzi kimoja! Mimi nilimwachia jumbe."

Alikuwa anaongea ili asiogope. Nami nilimsikiliza ili nisiogope. Dereva, ambaye hakuwa na la kusema wala la kusikiliza, aliogopa kwa niaba yetu sote, na ndiyo sababu akaliingiza lori kwenye matope ya korongo likakwama.

Tulisukuma. Halikutoka. Kijiji hakikuwa mbali, lakini njia iliyobaki ilikuwa ya miguu, imepita ndani ya uwele. Dereva alisema atalinda lori. Akapandisha vioo akajifungia.

Chilongani alitangulia, padre katikati, mimi nyuma. Wanangu, siku mkilazimika kutembea mahali kama pale, msikubali kuwa wa nyuma. Mgongo wangu wote uligeuka kuwa sikio. Jua lilikuwa juu kabisa, hakuna kivuli, na bado mahali pale palikuwa na giza lake. Jani likigusa shingo nilijua ni pumzi. Padre alikuwa bado anaendelea, kwa sauti ndogo, bila kugeuka.

"Liber ni mtu huru. Liberi ni watoto wa nyumba, kwa sababu kwa Warumi nyumba moja ililala watumwa na watoto, na watoto ndio walikuwa huru. Wagiriki wanasema eleutheros, wale wale, ukoo mmoja. Na kabla ya Warumi na Wagiriki, huko nyuma ambako hakuna maandishi, wanaochimba maneno wanasema palikuwa na mzizi mmoja tu, wa kuota, wa kukua. Watu walioota pamoja. Kama uwele huu. Aliyeota pamoja na wenzake ndiye mtu huru. Asiye na watu ndiye mtumwa. Unaona? Uhuru si kufunguliwa kamba. Uhuru ni kuwa na..."

Chilongani aliinua mkono.

Ndege walikuwa wamenyamaza. Sikuwa nimeona walivyonyamaza. Harufu ikatufikia, kama ya beberu wa zizini aliyelowa mvua, lakini nzito zaidi, na mbele yetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumtupia kofia, uwele ukafunguka, simba akatoka akasimama njiani.

Alikuwa amekonda. Manyoya ya shingoni yamekwisha, mbavu zinahesabika. Mguu wake wa mbele aliuinua kidogo, hakuukanyagia. Alituangalia bila hasira yoyote. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakuwa na hasira. Alituangalia kama mtu anavyoangalia sahani. Nilihisi maji ya moto yakishuka kwenye suruali yangu ya serikali na sikuona aibu. Padre alikuwa amenishika mkono, au mimi nilimshika yeye. Kisha simba akavuka, akachechemea, akaingia upande wa pili, na uwele ukajifunga.

Chilongani hakupiga. Bunduki ilikuwa begani mwake, imeelekezwa, haitikisiki, lakini hakupiga. Baadaye aliniambia kidole kilikataa. Alipopata sauti akainama, akaziangalia nyayo kwenye mchanga, akaniita nione. Miguu mitatu imezama. Wa nne umeburuta ncha tu, kama mtu aliyechora mstari kwa fimbo.

"Ng'ombe aliyechomwa na mwiba huandika hivi," akasema. "Huyu hawezi kukimbiza swala. Ndiyo maana anakula watu."

Tulifika kijijini tukiwa hatuna damu usoni. Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba ya Mughenyi, tembe ndefu yenye zizi ubavuni. Monika alikuwa hai. Amefungwa kwenye nguzo ya zizi, uso umevimba, macho wazi. Alimwona padre akageuza uso. Jumbe alikuja mbio kutulaki, anatabasamu, jasho linamtiririka. Alininong'oneza: "Mwambie padre nilikuwa njiani kumpeleka. Walinizuia. Hawa wangeniua mimi." Nilimwamini. Alikuwa anatetemeka kama mimi.

Mughenyi alisimama mbele ya dada yake na mkuki. Mkewe, Mama Ntandu, alikuwa mlangoni, amejifunga kitambaa kichwani, haangalii mtu.

Padre alipiga hatua mpaka mbele ya Mughenyi. Akafungua kinywa. Kiswahili chake chote, miaka yote ile ya mahubiri, hakikuja. Akasema kwa Kifaransa, na nikalisikia tena neno lile lile, sasa analiomba yeye. Nipeni. Mwachieni. Akabidhiwe. Watu wote wakanigeukia mimi.

Kwa Kinyaturu nilikuwa na maneno mawili mdomoni. Moja la kumkabidhi mtu kitu, kama unavyomkabidhi mnunuzi mnyama. La pili la kufungua kamba. Nilikumbuka ushauri wa Mzee Sefu wa kusimama kando, na nikaona kwamba nilikuwa nimesimama katikati kabisa, sijui nilifikaje.

"Mfungueni," nikasema.

Mzee mmoja akasema, "Wewe Mnyiramba. Hilo ni neno la padre au lako?"

"Neno la padre lina mambo mawili ndani yake, baba. Mimi nimewapa moja."

"Na la pili?"

"La pili lilishafanywa jana, pale ghalani."

Mughenyi akaushika mkuki kwa mikono miwili. "Ukimfungua," akaniambia, sauti yake ya chini kabisa, "yule atarudi. Nina mtoto mwingine."

Hapo Chilongani akasema. Hakupaza sauti. Alisema kwa Kiswahili chake cha Kigogo, nami nikageuza: kwamba tumemwona simba njiani sasa hivi, jua likiwa utosini, wakati mwanamke huyu amefungwa hapa mbele ya macho yenu. Kwamba mguu wa mbele ni mbovu, unaburuta. Kwamba anayetaka kuona nyayo aje, hazijafutika.

Nilipofika kwenye neno "unaburuta" nilimwona Mughenyi anafumba macho.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kulia."

Hakuja kuona. Alikaa chini pale pale, kwenye samadi, mkuki mapajani. Akaniambia mimi, si padre, pengine kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasema lugha yake: "Niliuona mstari ule. Siku ile, pale tulipomwokota. Nikawaonyesha. Wakaniambia mtu aliyevaa ngozi anaweza kuburuta mguu akitaka." Akauweka mkuki chini. "Nilitaka awe mtu. Mtu unaweza kumfunga."

Padre alijaribu kufungua kamba, vidole havikumtii. Nilimfungua mimi. Ilikuwa kamba ya katani, imelowa ikakaza, ikanibidi nitumie meno. Mughenyi alisema bila kuinua kichwa: "Mpelekeni bomani. Asirudi hapa." Tukarudi kwa njia ile ile, kwa sababu haikuwepo nyingine. Watu wengine wa kijiji walitusindikiza wakipiga madebe, wakatusukumia lori, na Monika akakaa kati ya padre na dereva, hajamtazama padre hata mara moja.

Alikaa bomani kungoja kesi, maana Bwana Shauri alirudi na kusema shtaka limeshatajwa, lazima lisikilizwe. Padre alikuja kila juma. Monika alikataa kumwona. Padre alibaki barazani kwetu na Mzee Sefu, na siku moja akamsimulia habari ya mzizi ule wa zamani, wa watu walioota pamoja. Akamwuliza, "Mzee Sefu, wewe umefanya kazi na Wajerumani. Kwa lugha yao, watu wanaitwaje?"

Mzee Sefu akasimama wima kama yuko gwaride, akanguruma: "Leute! Los, Leute!"

"Basi ni neno hilo hilo," padre akasema. "Leute ni ndugu yake liber. Mzizi mmoja."

Mzee Sefu akafikiri sana. "Padre," akasema, "mimi nilikuwa nikisikia neno hilo nakimbia. Kumbe walikuwa wananiita huru?" Ndiyo mara pekee nilimwona padre anacheka mwaka ule.

Kesi ikasikilizwa uwele ukiwa umevunwa, nchi imebaki wazi, unaona mbali. Watu wa kijiji walikuja. Chilongani alitoa ushahidi wa nyayo. Mughenyi alisema aliuona mstari siku ile, akasema kwa sauti, watu wake wakisikia. Kisha akasimama Monika, nami nikasimama ninapoona midomo yake.

Alisema: nilimwambia mtoto akae nyuma yangu. Nilisikia uwele unavunjika. Niligeuka nikamwona amemshika. Mtoto aliniangalia.

Akanyamaza. Nikangoja amalize pumzi.

Nilikimbia, akasema.

"Nilikimbia," nikasema kwa Kiingereza, na nikaziona mbavu zile na macho yale yasiyo na hasira, na sauti yangu ikakatika. Bwana Shauri alisubiri. Ikabidi niseme tena, kwa sababu karani hakusikia.

Bwana Shauri hakukaa sana. Akasema hakuna kosa lolote, huyu mwanamke ni huru, aende zake. Nikamwambia Monika: "Bwana anasema umefunguliwa. Nenda."

Hakusogea. Akaniangalia kama niliyesema jambo la kijinga.

"Niende wapi?" akasema. "Kwa watu gani?"

Nikageuza. Bwana Shauri akaangalia karatasi zake, kisha dirishani. Padre aliinuka nyuma kule, akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno kwa shida, kwamba misheni ina nafasi, na kwamba yeye hastahili kumwomba chochote. Nje askari alikuwa anafungua milango kwa ajili ya kesi nyingine. Watu wa kijiji walianza kutoka, na Mughenyi akapita karibu na dada yake bila kuinua macho. Akatoka.

Mama Ntandu ndiye aliyebaki. Siku zote zile sikuwahi kumsikia sauti. Alikuja mpaka kwenye kizimba cha mashahidi, akasimama upande wa pili wa ubao.

"Wifi," akasema. "Mimi ndiye niliyewatuma. Ndege walikuwa wanamaliza uwele, wewe ulisema tungoje wanaume, mimi nikasema nendeni. Sijamwambia mtu."

Monika akashika ubao.

"Nimesikia ulivyosema ulikimbia," akaendelea Mama Ntandu. "Na mimi ningekimbia."

Walikaa hivyo, wanaangaliana. Tarishi alitaka kuwatoa, nikamzuia kwa mkono. Kisha Mama Ntandu akasema tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mwanamke mwenye kazi nyingi, na Monika akatoka kizimbani. Wakaelekea mlangoni, mmoja mbele mmoja nyuma. Alipompita padre, Monika alisimama, akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu ghalani. Akaendelea.

"Wanasema nini?" Bwana Shauri akaniuliza.

"Wanasema ng'ombe hawajakamuliwa, bwana. Na kwamba watembee upesi, wafike jua lingali juu."

Hakuuliza kwa nini. Simba yule alikuwa bado hajauawa, na kila mtu mle ndani alijua. Dirishani nikawaona wanawake wale wawili wakishuka barabara ya vumbi, wameelekea mashamba yaliyovunwa, na nyuma yao, mbali kidogo, Chilongani na bunduki yake begani, anawafuata bila kuagizwa na mtu.